Matumbawe juu ya lava: kupima na kusawazisha maji ya chumvi hapa Goma

Mtu anayetaka kufuga matumbawe Goma, mashariki mwa Kongo, asianze kwa kupima maji ya akwariamu. Aanze na maji ya bidoni (dumu) anayoyatia humo. Maelekezo mengi ya akwariamu ya bahari yametungwa na watu wanaofungua bomba, wanapata maji mepesi, wanatia chumvi na kuendelea na shughuli zao. Hapa maji yana tabia yake, hewa ina tabia yake, na mji wenyewe umekaa karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mambo hayo matatu yanaingia katika kila namba utakayosoma. Ukiyapuuza, utabaki kutibu akwariamu kwa ugonjwa ulio nje yake.

Tuanze na Ziwa Kivu, kwa kuwa hata maji yaliyoletwa na chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) asili yake mara nyingi ni humo. Maji ya juu ya ziwa yana pH inayokaribia 9, na uwezo wake wa kupitisha umeme ni kama mikrosimens 1,200 kwa sentimita. Kwenye kipima TDS cha kalamu, kile cha dola chache kinachokadiria jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, utasoma 600 hivi. Ualkali wake, yaani KH au uwezo wa maji kuhimili asidi, unapita digrii 30, wakati ule wa bahari ni karibu 7 tu. Magnesiamu ni nyingi, kalsiamu kidogo.

Sasa chukua ndoo ya maji hayo utie chumvi ya akwariamu gramu 36 kwa kila lita. Chumvi inakuja na kalsiamu ya miligramu 400 na zaidi kwa lita, maji yanakuja na ualkali mkubwa na pH ya juu, na hivyo viwili havikai chombo kimoja. Ndoo inageuka nyeupe kama maziwa. Kesho yake vumbi jeupe limelala chini: ni kalsiamu kaboneti, yaani kalsiamu uliyoilipia imekuwa chokaa. Maji yaliyobaki juu yanaonekana safi, lakini ukiyapima utakuta kalsiamu imeanguka huku ualkali bado uko juu mno. Usihangaike kuyasahihisha. Yamwage.

Wengine hukimbilia mvua. Kipima TDS kinaonyesha 10 au 15, na mtu anafurahi. Lakini mvua ya Goma hupita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo kabla haijafika kwenye bati lako. Moshi ule una gesi za salfa, klorini na florini, ndiyo maana mvua inayonyesha chini yake huwa na asidi. Watu huogopa florini kwanza, kwa sababu ya meno. Kwa matumbawe florini si tatizo kubwa, kwani maji ya bahari yenyewe yana kama miligramu 1.3 kwa lita. Cha kuogopa ni zinki. Asidi inakula mabati, zinki inashuka na mfereji hadi kwenye pipa, na konokono, kamba na matumbawe hawavumilii metali hizo hata kwa kiasi ambacho kipima TDS cha kalamu hakitakionyesha. Namba ndogo kwenye kalamu inakwambia kuna vitu vichache tu majini. Haikwambii ni vitu gani.

Njia ni moja: mtambo wa osmosi, unaosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi, na baada yake chupa ya resini, chembe zinazonasa kilichobaki. Maji ya ziwa yakiingia na 600, utando mzuri unayatoa na 20 au 30, kisha resini inayashusha hadi 0. Resini ikianza kutoa 2 au 3, ibadilishe, usingoje 10. Kuna ujanja unaofaa sana mjini kwetu: pitisha maji ya mvua katika mtambo huohuo. Acha mvua ya dakika za mwanzo ioshe bati na majivu, kisha kinga inayofuata. Utando na resini vitaondoa asidi na zinki, na kwa kuwa mzigo ni mdogo, resini itadumu mara nyingi zaidi kuliko ukitumia maji ya ziwa.

Presha ndiyo inayowakwamisha wengi. Utando wa kawaida wa nyumbani unahitaji kama baa 4. Tangi lililo juu ya dari, mita 6 kutoka kwenye mtambo, linatoa baa 0.6. Kwa presha hiyo maji yatadondoka kwa uvivu na yatatoka machafu, kwa maana utando usiosukumwa vizuri hupitisha chumvi nyingi zaidi. Nunua pampu ndogo ya volti 24 ya kuongeza presha pamoja na mtambo wenyewe. Usiseme utainunua baadaye. Na kichujio cha mkaa kilicho mbele ya utando usikiruke, kwa sababu klorini, iwe ya bomba au ya wanaotibu maji ya bidoni ufukweni, huharibu utando.

Kupima chumvi kabla ya kitu kingine

Ukipata maji ya 0, changanya chumvi na uache pampu izungushe hadi kesho yake. Tikisa mfuko wote wa chumvi kabla ya kuchota, maana safarini chembe nzito hushuka chini, na kikombe cha kwanza hakitafanana na cha mwisho. Lengo ni gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji, sawa na uzito linganifu wa 1.026 na kidogo kwa nyuzi 25.

Refraktometa, chombo kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, nyingi zinasawazishwa kwa maji safi hadi mstari usome 0, na mwenye nayo anaridhika. Haitoshi. Chombo kinaweza kusoma 0 sawasawa na bado kikakosea kwa 2 au 3 kufikia 35. Kisawazishe pale unapokitumia. Gramu 36.5 za chumvi ya kawaida ya mezani katika gramu 963.5 za maji ya osmosi hupinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Pima kwa mizani midogo inayosoma gramu 0.01. Goma mizani hiyo si ya kutafuta mbali, wanunuzi wa dhahabu wanaitumia kila siku. Weka matone mawili kwenye kioo, subiri nusu dakika yapate joto la chombo, kisha zungusha skrubu hadi mstari uguse 35.

Kwa nini kuanza hapa? Kwa sababu chumvi ikikosea, kila kitu kinakosea nayo. Maji ya 31 yatakuonyesha kalsiamu ndogo, magnesiamu ndogo na ualkali mdogo, nawe utaanza kumwaga poda tatu kumbe kilichopungua ni chumvi.

KH ndiyo kipimo cha maisha

Ukiniambia nichague kipimo kimoja tu cha kubaki nacho, ningechagua ualkali. Matumbawe magumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti, lakini bahari ina akiba kubwa ya kalsiamu na akiba ndogo ya kaboneti. Matumbawe yakila ualkali wa digrii 2.8, kalsiamu inapungua miligramu 20 tu kwa lita. Kwa hiyo KH inaweza kutoka 8 hadi 5 kabla kipimo cha kalsiamu hakijaonyesha mabadiliko ya kueleweka, kwani kutoka 420 hadi 400 ni ndani ya kosa la kawaida la vitendanishi (dawa za kupimia) vya matone.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Osha kichupa kwa maji yaleyale ya akwariamu, chota mililita 5 kwa bomba la sindano, dondosha kitendanishi tone kwa tone ukitikisa, na uhesabu hadi rangi ya bluu igeuke njano. Kwenye vipimo vingi vya bei nafuu tone moja ni digrii 1, na hapo hujui kama una 7.1 au 7.9. Chota mililita 10 badala ya 5, na kila tone litakuwa nusu digrii. Shika chupa wima kabisa. Ukiinamisha, tone linakuwa dogo na hesabu inapanda bila sababu. Pangusa ncha kabla ya kuanza.

Vitendanishi vikifika baada ya safari ndefu na kukaa ghalani, usiviamini kwa tarehe ya kwenye boksi pekee. Tengeneza maji ya kujihakikishia: yeyusha gramu 3.00 za bikabonati ya soda katika lita 1 ya maji ya osmosi, kisha chukua mililita 100 za hayo uongeze maji hadi lita 1. Hayo ya pili yana digrii 10. Kipimo kikisoma 11, toa 1 katika kila usomaji na uendelee kukitumia. Kikisoma 14, kitupe.

Sasa kutia dawa. Kwanza jua akwariamu yako inakula kiasi gani kwa siku. Ya lita 200 ukitoa mawe na mchanga huwa na maji ya lita 170 hivi. Pima KH Jumatatu saa mbili usiku, usitie kitu, pima tena Alhamisi saa ileile. Tuseme ilikuwa 8.6 ikawa 7.4. Imekula 1.2 kwa siku tatu, yaani 0.4 kwa siku. Digrii 1 katika lita 100 inahitaji gramu 3 za bikabonati, basi 0.4 katika lita 170 ni gramu 2 kwa siku. Kalsiamu inayoendana nayo ni karibu miligramu 2.9 kwa lita, ambayo kwa kloridi ya kalsiamu yenye maji mawili ni gramu 1.8 kwa siku. Yeyusha kila kimoja kwenye chupa yake ya maji ya osmosi, na uvitie kwa nyakati tofauti, mahali penye mkondo mkali. Ukivimimina pamoja utaona tena lile vumbi jeupe.

KH ikiwa imeshuka sana, ipandishe kwa digrii 1 kwa siku, isizidi. Matumbawe huishi na 7, huishi na 9, ila kurukaruka kati ya hizo ndiko kunakochubua ngozi yao kuanzia chini ya tawi.

Angalia unachonunua. Bikabonati ya soda ya farmasi au ya dukani inafaa, mradi pakiti iseme ni bikabonati peke yake. Pakiti ndogo za levure ya keki si kitu kimoja nayo: ndani mna wanga na asidi, mara nyingi ya fosfati, na baada ya wiki chache utakuwa unakwangua mwani kwenye vioo. Chokaa ya kupaka ukuta nayo iache ukutani.

Chokaa safi ya daraja la chakula ni habari nyingine, na kwa nyumba zetu mimi naipenda. Lita moja ya maji yaliyoshiba chokaa hubeba kama gramu 1.7, na huleta kalsiamu na kaboneti kwa uwiano uleule ambao matumbawe hula. Ila ina nguvu, pH yake inapita 12. Kwa mfano wetu wa digrii 0.4 kwa siku, nusu lita tu inatosha. Mtu akisikia kwamba maji yanayopungua kwa mvuke hurudishwa kwa maji ya chokaa, kisha akamimina lita 2 zilizoshiba, KH itapanda digrii 1.5 kwa usiku mmoja na pH itaruka. Changanya nusu lita ya maji yaliyotuama juu na lita moja na nusu ya osmosi, na uache yadondoke polepole usiku.

pH, mbabula na mazuku

pH nimeiacha hadi hapa makusudi. Ndiyo namba inayowatia watu wasiwasi kuliko zote, na ndiyo namba ya mwisho kuigusa. Katika akwariamu nzima yenye afya inaweza kuwa 7.9 alfajiri na 8.3 jioni, kwa kuwa mchana mwani na matumbawe hunyonya kaboni dioksidi na usiku vyote vinaitoa. Pima saa ileile kila siku, la sivyo utalinganisha usiku na mchana.

Goma kuna sababu ya pili. Mbabula, yaani jiko la makala (mkaa), ikiwaka jioni, madirisha yamefungwa kwa baridi, watu sita sebuleni, kaboni dioksidi ya nyumba inapanda na maji yanainywa. pH inashuka hadi 7.7 huku KH ikibaki 8 bila kutikisika. Hapo ndipo mtu anatia bikabonati akidhani anapandisha pH. Haipandi kwa kiasi cha maana, ila KH inafika 12.

Kabla ya kutia chochote, chota kikombe cha maji ya akwariamu, upeleke nje mbali na jiko, upulizie hewa kwa pampu ndogo saa nzima, kisha pima. pH ikipanda kutoka 7.8 hadi 8.2, mkosaji ni hewa ya nyumba. Isipopanda, rudi kwenye KH. Dawa ya hewa ni kuvuta bomba la hewa la kichuja povu (kifaa kinachosafisha maji kwa viputo vya hewa) hadi nje ya dirisha, juu, lisiwe upande wa jikoni. Kwa nyumba za namna hii pia ni bora bikabonati uioke kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa moja. Inageuka kaboneti ya soda, ambayo hupandisha pH, na kwa kuwa imepoteza uzito wa kaboni dioksidi na maji, tumia gramu 0.63 pale ulipokuwa ukitumia gramu 1.

Anayekaa upande wa magharibi wa mji, kuelekea Lac Vert na Sake, anajua mazuku. Gesi ile ni kaboni dioksidi kutoka ardhini, nzito kuliko hewa, inalala mabondeni na kwenye mashimo. Usichimbe shimo la kuwekea tangi la chini la vichujio, na mdomo wa bomba la hewa usiuache karibu na ardhi. pH inayoporomoka asubuhi tulivu isiyo na upepo katika nyumba ya bondeni ni onyo kwa wenye nyumba kabla ya kuwa onyo kwa samaki. Tokeni nyote mwende mahali pa juu, mkianza na watoto waliolala sakafuni, matumbawe yatangoja.

Magnesiamu na mengineyo

Magnesiamu haiishi haraka, pima mara moja kwa mwezi. Lengo ni miligramu 1,300 hadi 1,350 kwa lita. Kazi yake ni kuzuia kalsiamu na kaboneti zisishikane ovyo majini, kwa hiyo ukitia bikabonati na kloridi ya kalsiamu kila siku na namba hazipandi, huku pampu zikikauka na ganda gumu jeupe, tazama magnesiamu. Kuipandisha miligramu 10 katika lita 100 kunataka gramu 8.4 za kloridi ya magnesiamu yenye maji sita, au gramu 10 za chumvi ya Epsom ya farmasi. Kwa marekebisho madogo Epsom inatosha.

Nitrati iwe kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, fosfati kati ya 0.03 na 0.08, nami nisingetafuta 0 kwa yoyote kati ya hizo, kwani matumbawe nayo hula. Kipimo cha nitrati cha matone kina mtego: poda iliyomo katika moja ya chupa hushikana chini, na usipoitikisa kwa nguvu nusu dakika nzima utasoma 0 ya uongo kila wiki.

Na mawe meusi ya hapa? Yako bure, ni mazuri kwa macho, na hayatainua wala kushusha KH. Loweka kila shehena katika maji ya osmosi wiki mbili kisha pima fosfati ya maji hayo. Zikizidi 0.1, badilisha maji uloweke tena.

Kingine kinachotokana na mwinuko wetu ni oksijeni. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa pwani hubeba miligramu 6.7 hivi kwa lita, hapa Goma karibu 5.6. Mchana na pampu zikizunguka hutaona tofauti. Umeme ukikatika usiku, akiba ni ndogo tangu mwanzo, na samaki ndio wa kwanza kupanda juu kutafuta hewa. Betri ya volti 12 ya ampea 100 ikitumika nusu ina nishati ya wati-saa 600, na pampu ya wati 20 inayotumia volti 12 moja kwa moja itazunguka saa 30. Ukipitia inveta unapoteza sehemu yake. Iunganishe ile pampu inayotikisa uso wa maji. Taa na chombo cha joto visubiri. Umeme ukirudi, usitie dozi ya siku hiyo hadi umepima KH, maana matumbawe yaliyokaa gizani bila mkondo hayakula kiasi kile ulichokihesabu.